Mazoezi kwa akina mama waliovuka 60: maswali mnayoniuliza kila siku hapa Moshi

Mimi ni nesi mstaafu. Asubuhi tunakutana akina mama wa mtaani kwetu kwenye kiwanja cha mpira tunafanya mazoezi, wengi wetu tuna miaka 60 kwenda juu, na maswali yanayokuja ni yale yale, mtu ananipigia simu, mwingine ananikamata baada ya ibada, mwingine tuko sokoni Mbuyuni ananivuta pembeni. Nimeamua kuyaandika yote hapa ili mtu amtumie mama yake au shangazi yake, asome mwenyewe au asomewe na mjukuu. Mengine yameulizwa na mabinti kwa niaba ya mama zao, nimeyaacha yalivyo.

Mama yangu ana miaka 68, amelima, amebeba, amelea watoto sita peke yake. Kwanini asipumzike sasa? Mazoezi ya nini tena?

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote na huwa linaulizwa kwa upendo kabisa, kwa hiyo nalijibu taratibu. Nyama za mwili, hasa za mapaja na matako, zinaanza kupungua mtu akiwa na miaka 40 hivi, akivuka 60 zinapungua haraka zaidi, na kinachozimaliza kabisa ni kukaa. Sasa angalia tunavyofanya kwenye familia zetu. Mtoto wa kwanza analeta dada wa kazi ili mama asishike ufagio, wa pili ananunua sofa laini la kuzama, wa tatu anamtafutia bodaboda ya kumpeleka kanisani ambako ni mwendo wa dakika kumi, na mama akishika ndoo wote wanapiga kelele "mama acha!" Baada ya miaka miwili huyo mama hawezi kuinuka kwenye hilo sofa bila kushikwa mkono, alafu tunasema ni uzee. Sio uzee peke yake jamani, ni miguu iliyokosa kazi.

Kumpumzisha mama ni kumtolea mzigo mzito na mawazo ya ada na kodi. Sio kumtolea mwendo. Mwacheni afagie uwanja wake, aende dukani mwenyewe, amwagilie mboga, na kama ni kumsaidia basi tembeeni naye badala ya kumtembelea mkakaa wote kwenye kochi mkinywa soda.

Mimi niko Kibosho nalima kihamba, nakata majani ya ng'ombe na kubeba kichwani kupanda mlima. Si mazoezi hayo?

Ni mazoezi, na yanahesabika kabisa, hata Shirika la Afya Duniani linahesabu kazi za shamba, za nyumbani na kutembea kwenda kwenye shughuli zako. Mama anayepanda na kushuka mlima na mzigo wa majani moyo wake na mapafu yake viko vizuri kuliko vya mabinti wengi wa mjini.

Ila kazi ya shamba ina mapungufu yake. Inakuinamisha siku nzima kwa kiuno, inakandamiza shingo, na haifanyi chochote kwa zile nyama za mgongo zinazokuweka wima, ndo maana unaona bibi zetu wengi wanamaliza wakiwa wamepinda. Pia inakuja kwa msimu, wiki hii unakufa na kazi, mwezi ujao umekaa. Kwa hiyo wewe usijiongezee kutembea, huko umeshiba. Ongeza kunyoosha mgongo na mabega jioni, ongeza mazoezi ya kusimama bila kuyumba nitakayoeleza chini, na mzigo wa majani ugawe mara mbili badala ya kubeba wote kwa mkupuo, ukiuokota piga goti uweke mgongo wima sio kuinama miguu ikiwa imenyooka.

Ninaowaogopea zaidi ni sisi tuliohamia chini mjini. Mama yako alipanda milima kila siku, wewe uko Soweto au Pasua, lami imenyooka, hiace inapita mlangoni, alafu unasema ukoo wetu ni wa watu wenye nguvu. Nguvu ilikuwa kwenye ule mlima.

Natakiwa kufanya kiasi gani kwa wiki?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu wa miaka 65 na zaidi apate angalau dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, juu ya hapo mazoezi ya kujenga nguvu siku 2 au zaidi, na mazoezi ya mizani ya mwili, yaani kusimama bila kuyumba, pamoja na nguvu siku 3 au zaidi. Dakika 150 zisikutishe, ni nusu saa kwa siku tano, na huhitaji kuzimaliza kwa pamoja, dakika kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni zinajumlishwa, hata tano ni tano.

Utajuaje ni wastani? Unatembea huku unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Kama unaimba pambio mwanzo mwisho bila kukata pumzi ongeza mwendo, kama huwezi hata kumaliza sentensi punguza. Basi, huhitaji saa ya kupima mapigo.

Mimi natembea kila asubuhi saa nzima. Si inatosha?

Hapana mama, na hapa ndo nataka usome polepole kwasababu wengi mnaishia kwenye kutembea. Kutembea kunasaidia moyo, sukari, presha, usingizi, mawazo. Lakini kutembea kwenye lami iliyonyooka hakukupi nguvu ya kutosha ya kuinuka chini, kunyanyua ndoo, au kujizuia usianguke ukijikwaa usiku ukienda chooni. Nimeona akina mama wanatembea vizuri kabisa lakini ukiwaambia wachuchumae waokote kitu hawarudi juu.

Jipime. Chukua kiti cha kawaida kisicho na mikono, kiegemeze ukutani kisiteleze, kaa, kunja mikono kifuani, mjukuu ashike simu ahesabu sekunde 30. Inuka mpaka wima, kaa, inuka, kaa, hesabu umeinuka mara ngapi bila kutumia mikono. Kipimo kinachotumika Marekani kwa wazee kinasema mwanamke wa miaka 60 mpaka 64 akipata chini ya 12 miguu imelegea na hatari ya kuanguka iko juu, miaka 65 mpaka 69 chini ya 11, miaka 70 mpaka 79 chini ya 10, miaka 80 mpaka 84 chini ya 9, miaka 85 mpaka 89 chini ya 8. Ukilazimika kushika kiti kuinuka unahesabiwa sifuri. Wapo waliojipima nyumbani wakanyamaza kimya, na hakuna haja ya aibu kwasababu dawa yake ni kile kile kipimo, kuinuka na kukaa. Anza mara tano, pumzika, tano tena, siku tatu kwa wiki, kila wiki ongeza kidogo. Mwanzoni tumia kiti kirefu au weka mto juu yake, ukizoea toa mto.

Mengine tunayofanya ni kusukuma ukuta, unasimama hatua moja kutoka ukutani unaweka viganja unajisogeza na kujisukuma, hiyo ni ya mikono na kifua. Kuinua visigino ukiwa umeshika meza, unasimama kwa vidole unashuka taratibu, hiyo ni ya ndama za miguu. Chupa ya maji ya lita moja ni kilo moja, chukua mbili ndo vyuma vyako, zinyanyue kwa kukunja kiwiko, ukizoea tumia za lita moja na nusu. Mara ya mwisho mwisho iwe ngumu kidogo, kama ukimaliza hujasikia chochote basi hujafanya.

Na mizani, simama karibu na meza au sinki uweke mguu mmoja mbele ya mwingine kisigino kigusane na vidole, kaa hivyo sekunde 10 bila kushika. Ukishindwa kufika 10 hiyo ni alama kwamba uko kwenye hatari ya kuanguka, fanya kila siku wakati unasubiri chai ichemke. Ukiweza, hamia kusimama kwa mguu mmoja.

Magoti yananiuma, na niliambiwa nikitembea yataisha kabisa.

Aliyekuambia alikutakia mema lakini sio kweli. Maumivu mengi ya magoti kwa umri wetu yanatokana na ile gegedu ya ndani, yaani mto laini unaozuia mifupa isisagane, kuchakaa na nyama za paja kulegea, na mazoezi ndo tiba ya kwanza inayopendekezwa duniani kote, kabla ya sindano na kabla ya upasuaji. Gegedu haina mishipa yake ya damu, inalishwa na maji ya ndani ya goti yanayozunguka ukilikunja na kulinyoosha, yaani goti ni bawaba ya mlango, ukiiacha mwaka mzima bila kuifungua inakaza. Na nyama za paja zikiwa na nguvu zinabeba uzito ambao vinginevyo ungeangukia kwenye mfupa.

Anza ukiwa umekaa. Nyoosha mguu mmoja mbele uwe sawa, kaza paja, hesabu mpaka tano, shusha. Mara kumi kila mguu. Wiki mbili tatu baadae ingia kwenye kuinuka kitini.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa, na yakiwa yametulia kesho yake muda kama huu umefanya sawa. Yakizidi mpaka kesho, punguza idadi, usiache. Lakini goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, likakwama halikunjuki, au huwezi kulikanyagia kabisa, nenda hospitali.

Uzito nao tuuseme. Kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kilo 4 hivi kwa kila hatua. Kwa hiyo ukishuka kilo tano tu goti linajua. Na kushuka mlima kunaumiza goti kuliko kupanda, mkiwa mnatembea huko Uru au Machame panda kwa miguu, wakati wa kushuka tumia fimbo na hatua fupi fupi.

Kitu kingine kinaniumiza sana, akina mama mnakunywa diklofenaki za dukani kila siku kama chai. Hizo dawa zikitumika mfululizo zinapandisha presha, zinaumiza figo, zinatoboa tumbo, na kwa umri wetu hatari ni kubwa zaidi hasa ukiwa tayari unatumia dawa za presha. Tafadhali ongea na daktari kwanza.

Nina presha, nitaanguka?

Mazoezi ya mara kwa mara yanashusha presha. Kwa mtu mwenye presha namba ya juu inaweza kushuka kwa 5 mpaka 8 hivi, na hiyo ni juu ya dawa, sio badala ya dawa. Usije ukaacha vidonge kwasababu umejisikia vizuri wiki mbili, nimewapokea wengi wodini wameletwa na kiharusi kwa hiyo sababu moja.

Ukipima ukiwa umetulia ikawa 180 kwa 110 au zaidi siku hiyo usifanye mazoezi, nenda kliniki. Siku za kawaida anza taratibu dakika tano na malizia taratibu dakika tano, usisimame ghafla. Ukinyanyua kitu usibane pumzi, toa pumzi wakati unanyanyua. Kama unatumia atenololi au bisoprololi mapigo yako hayapandi sana hata ukichoka, kwa hiyo usijipime kwa mapigo, tumia kile kipimo cha kuongea na kuimba. Na ukitoka kulala kaa kitandani kidogo kabla ya kusimama, dawa nyingi za presha zinaleta kizunguzungu cha kusimama haraka.

Na sukari je?

Ukiwa na kisukari wewe ndo unahitaji zaidi, nyama za mwili zikifanya kazi zinavuta sukari kutoka kwenye damu. Hata kutembea dakika 10 au 15 baada ya kula ugali kunasaidia sukari isipande sana. Ila kama unachoma insulini au unameza glibenklamidi, sukari inaweza kushuka ukiwa njiani, kwa hiyo usitoke na njaa na mfukoni uwe na pipi au sukari ya kulamba. Ukianza kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa, simama, lamba, kaa, wenzako wajue. Waambie wenzako mapema kwamba una sukari, usifiche.

Miguu ikaguliwe kila siku hasa ikiwa na ganzi, kidonda kidogo usichokisikia ndo kinaishia kukatwa mguu. Usitembee na kandambili, vaa kiatu kilichofunga.

Niliteleza tu nyumbani nikavunjika mkono. Mifupa yangu imekwisha? Bado nifanye mazoezi?

Pole sana mama. Kuanguka kutoka usawa wa kusimama na ukavunjika ni alama kwamba mfupa umepungua nguvu, mwambie daktari kwa maneno hayo hayo asikufunge plasta ngumu (POP) tu ukaenda nyumbani. Hedhi ikishakoma homoni ya estrojeni inashuka, na ndani ya miaka 5 mpaka 7 ya mwanzo mwanamke anaweza kupoteza mpaka asilimia 20 ya mifupa yake. Ndo maana sisi tunavunjika kuliko wanaume.

Mazoezi bado unafanya, tena ndo hasa. Mfupa unajijenga ukibebeshwa uzito na ukivutwa na nyama, kwa hiyo kutembea, kuinuka kitini, kusukuma ukuta, visigino, vyote sawa. Unachoepuka ni kuinama mbele mgongo ukiwa umepinda na mzigo mkononi, na kujizungusha kiuno kwa nguvu, kwasababu pingili za mgongo zinaweza kuvunjika kimya kimya. Jua la asubuhi kwa vitamini D, na maziwa, mtindi, dagaa wale wadogo unaokula na mifupa yao kwa kalsiamu.

Alafu usianguke tena. Karibu mtu 1 kati ya 3 wenye miaka 65 na zaidi huanguka kila mwaka, na nyonga ikivunjika wengi hawarudi kutembea kama zamani. Angalia nyumbani kwako leo hii: zulia linalojikunja pembeni, vigae vya bafuni vikilowa maji, kandambili iliyoisha soli, njia ya choo cha nje isiyo na taa. Weka taa. Weka bomba la kushikilia ukutani chooni, fundi anafunga kwa nusu saa, na kwa choo cha kuchuchumaa hilo bomba ni la lazima kabisa. Macho nayo, mama mwenye mtoto wa jicho haoni ngazi, hospitali ya KCMC hapa Moshi wana idara ya macho na idara ya fizio (tiba ya viungo) pia, na kama uko upande wa Arusha anza na hospitali ya mkoa ya Mount Meru.

Nikiruka au nikikohoa mkojo unatoka kidogo. Naona aibu kuja.

Uje. Ungejua ni wangapi wana hilo tatizo kwenye hicho kiwanja usingeona aibu hata kidogo, tumezaa, nyama za chini zimelegea, na hedhi ikikoma zinalegea zaidi. Kuna mazoezi yake na hakuna anayeona ukifanya. Kaza kule chini kama unazuia upepo usitoke na mkojo usitoke kwa wakati mmoja, usibane tumbo wala mapaja wala pumzi, shikilia sekunde 5, achia kabisa sekunde 5, mara 10. Fanya mara tatu kwa siku, ukizoea fika sekunde 10. Matokeo yanaonekana baada ya miezi mitatu hivi, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya pili.

Usipunguze maji ya kunywa, mkojo mzito unawasha kibofu na hamu inazidi. Sisi haturuki kwenye kundi, tunapiga hatua tu, ukitaka vaa pedi. Lakini kama unasikia kitu kinashuka ukeni, au kinatokeza nje, hicho ni kizazi kinashuka, hospitali kwanza na acha kubeba ndoo za lita ishirini.

Nivae nini? Mtaani watasema.

Sketi pana na taiti ndani, au suruali na kanga juu, au dera, wenzetu Waislamu wanakuja na mitandio yao na wanafanya vizuri tu. Hela weka kwenye viatu. Raba nzuri za mtumba zinapatikana soko la Memorial, nenda jioni mguu ukiwa umevimba kidogo ndo upime, mbele ibaki nafasi ya upana wa dole gumba, na geuza uangalie soli, ikiwa imesagika inateleza rudisha hata kama ni nzuri kwa macho. Watakaosema waseme, baada ya mwezi watakuuliza mnaanza saa ngapi.

Wapi pazuri pa kutembea?

Moshi, barabara za Shanty Town zina miti na kivuli, hasa ile ya Lema, na magari sio mengi asubuhi. Viwanja vya shule ukiomba ruhusa wanaruhusu. Usitembee kando ya barabara kuu ya Arusha, bodaboda na hiace hazina huruma na moshi wa magari unauvuta wote. Arusha mna vilima, kule Ilboru na Sekei ni mazoezi tosha, Njiro kuna barabara za ndani zimetulia.

Moshi joto la Januari na Februari ni kali, toka saa 12 na nusu asubuhi urudi kabla ya saa 2 na nusu. Arusha iko juu zaidi, kama mita 1,400, na Juni na Julai baridi yake inakaza viungo, pasha mwili ndani kwanza. Masika Machi mpaka Mei tope linateleza, fanyeni ndani ya ukumbi au sebuleni. Giza likiwa bado lipo msitoke peke yenu, na mvae kitu cheupe.

Sina muda, nalea wajukuu.

Wajukuu ndo wakufanyishe. Mpeleke shule kwa miguu, cheza naye rede taratibu, inuka na kukaa naye ahesabu, watoto wanapenda kuhesabu kwa sauti. Na mwambie binti yako kwamba nusu saa ya asubuhi ni yako, ukipata kiharusi nani atamlelea?

Nile nini? Mimi asubuhi uji, mchana ndizi, jioni uji.

Hapo umekula wanga tupu. Ukifanya mazoezi bila protini nyama hazijengeki. Kwa umri wetu inashauriwa gramu 1 mpaka 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito, yaani mama wa kilo 60 anahitaji gramu 60 mpaka 72 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa gramu 8 hivi. Kwa hiyo uji uweke maziwa, mtori uwe na nyama ya kutosha sio mfupa wa kunusisha, ndizi zipikwe na maharage kama kiburu, dagaa, mtindi, njugu. Gawa kila mlo uwe na kitu, usirundike jioni. Ila kama una ugonjwa wa figo kiasi chako akupangie daktari. Na mbege sio kinywaji cha baada ya mazoezi, pombe na kuanguka vinaenda pamoja.

Bibi ana miaka 84, si tumechelewa?

Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walichukua wazee wa nyumba ya kulelea wazee wenye wastani wa miaka 90, wakawafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wiki 8 tu, na nguvu ya miguu ikaongezeka zaidi ya mara mbili. Wenye miaka 90! Na hapa hapa kwenye mlima wetu, Julai 2019 mama Anne Lorimor kutoka Arizona alifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, akiwa na miaka 89. Simwambii bibi yako apande Kilimanjaro, namwambia anaweza kuinuka kitini mwenyewe na kwenda uani. Anza naye akiwa amekaa, kunyoosha miguu, kuinua mikono, kusimama akiwa ameshika meza, na mtu awe pembeni yake.

Nilipata kiharusi upande mmoja, natembelea fimbo.

Onana na fizio akupangie ya kwako, alafu njoo ufanye ukiwa umekaa kwenye kiti pamoja na sisi. Usikae ndani.

Mwili umeuma wote baada ya siku ya kwanza, nimejiumiza?

Maumivu ya nyama yanayokuja kesho yake na keshokutwa ni kawaida, yanaisha siku mbili tatu. Maumivu makali ya papo hapo kwenye kiungo ndo sio kawaida.

Dalili gani niache mara moja?

Kifua kubana au kuuma, maumivu yanayopanda kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto, pumzi kukata ukiwa hujafanya kitu kikubwa, moyo kwenda mbio bila mpangilio, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, mdomo kupinda, mkono au mguu mmoja kulegea ghafla, maneno kutotoka. Hapo hakuna kusubiri mpaka kesho wala kupakwa mafuta, tafuta gari uende hospitali saa hiyo hiyo. Kwa wanawake shambulio la moyo linaweza kuja bila maumivu makali ya kifua, unasikia kichefuchefu, uchovu wa ajabu, jasho, maumivu ya mgongo kati ya mabega, mkadhani ni gesi.

Tunaweza kushiriki Kilimanjaro Marathon?

Zile kilomita 5 mnaweza, na huhitaji kukimbia, watu wanatembea na watoto mgongoni. Hizo mbio zipo hapa Moshi tangu 2003 na kawaida zinafanyika mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, kwa hiyo Novemba muanze kwa kilomita 2 mara tatu kwa wiki, Desemba mfike 3 hata kama kuna sikukuu na wageni, Januari 4, na wiki ya mwisho mpumzike mtembee kidogo tu. Mjiandikishe mapema kwa pamoja, siku hiyo mnywe chai na kitu kidogo masaa mawili kabla ya kuanza, dawa za presha mmeze kama kawaida, kofia, chupa ya maji, na mkae upande wa kushoto mbali na vijana wanaokimbilia mbele. Mwenye sukari atembee katikati ya kundi, sio mwisho, na pipi yake mfukoni.